Laptopu haiwaki: pa kuanzia kabla ya kwenda kwa fundi

"Laptopu yangu haiwaki, itakuwa nini?" Swali hili huulizwa hivyo hivyo, bila nyongeza, na jibu lake la kwanza ni swali jingine: haiwaki vipi? Haiwaki ya kimya kabisa si haiwaki ya kioo cheusi, wala si ile ya Windows kukwama njiani. Kila moja ina chanzo chake na mahali pake pa kuanzia. Wengi hulivuka hilo, wakanunua betri kumbe RAM (kipande cha kumbukumbu ya muda) ndiyo imelegea, au wakafomati diski kumbe kuna flashi imesahaulika pembeni.

Mwongozo huu unaanzia nje kwenda ndani, na unamaliza vya bure kabla ya vya kununua. Umewalenga zaidi wenye laptopu za mtumba zilizojaa vyuoni na maofisini hapa Dodoma: HP EliteBook na ProBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad. Hizo ni mashine ngumu, zinafunguka kwa skrubu za kawaida, na vipuri vyake havisumbui kupatikana.

Kwanza, yako iko kundi gani?

Chomeka chaja, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja, ondoa mkono, tazama na usikilize kwa nusu dakika. Usibonyeze tena na tena, unavuruga dalili.

- Kundi A: kimya kabisa. Hakuna taa, hakuna feni, hakuna kitu. Anzia hatua ya 1.
- Kundi B: taa zinawaka, pengine feni inasikika, lakini kioo ni cheusi. Anzia hatua ya 4.
- Kundi C: inawaka na kujizima, au inawaka na kuzima yenyewe mfululizo. Pita hatua ya 2, 4, 7 na 8.
- Kundi D: nembo ya kampuni inatokea, kisha inakwama au inaandika maneno ya kosa. Nenda hatua ya 9. Chaja yako haina kosa, iache.

Kwa wa kundi B kuna kipimo cha sekunde mbili: bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima kila ukibonyeza, mashine iko hai na inafanya kazi. Mgonjwa ni kioo au kebo yake. Isipoitika, mashine haijafika popote, na wa kwanza kushukiwa ni RAM.

Kisha andika kwenye karatasi kilichotokea kabla: umeme ulikatika na kurudi? Ilianguka? Kuna aliyeongeza RAM? Windows ilikuwa inajisasisha? Mstari huo mmoja unaokoa saa nzima ya kubahatisha.

Mahitaji

- Chaja nyingine inayolingana na mashine yako, hata ya kuazima
- Multimita ya kidijitali, yaani mita ya kupimia umeme. Ile ya bei ya chini inatosha
- Bisibisi ndogo za nyota, PH0 na PH00. Baadhi ya EliteBook za zamani hutaka Torx T8
- Kadi ya plastiki ya kubanjulia, kama kadi ya benki iliyokwisha muda
- Kifutio cheupe cha penseli na brashi laini ya rangi ambayo haijatumika
- Tochi ya simu, na kebo ya HDMI au VGA ya kuunganisha na TV au skrini nyingine
- Flashi ya GB 8 au zaidi, na diski ya nje ya kuhamishia mafaili
- Kalamu na karatasi nyeupe
- Ufunguo wa BitLocker (kufuli la diski la Windows), kama diski yako imefungwa kwalo. Ni tarakimu 48, na kwa mashine binafsi hupatikana kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine, kupitia aka.ms/myrecoverykey. Utafute sasa ukiwa na simu mkononi. Kugusa BIOS (programu ya ndani inayoamsha mashine kabla ya Windows), na wakati mwingine hata kubadilisha kipuri, kunaweza kuifanya Windows iudai kabla ya kufunguka.

Usianze kabisa ikiwa

Laptopu ni mali ya ofisi, si yako. Wa Mji wa Serikali Mtumba, wa halmashauri na wa mashuleni: mwachieni Afisa TEHAMA wenu. Ukiifungua mwenyewe, hata ikipona, utaulizwa.

Betri imevimba. Dalili zake ni kipanya cha mguso kunyanyuka, kava la chini kuachia, au laptopu kuyumba juu ya meza iliyonyooka. Usichaji, usiibonyeze irudi, usiitoboe. Itolewe taratibu na mtu anayejua, iwekwe mbali na vitu vinavyoshika moto, na isitupwe kwenye lile shimo la nyuma ya nyumba linalochomwa taka kila jioni.

Imemwagikiwa. Ikiwa bado inawaka, izime kwa kushikilia kitufe, chomoa chaja, toa betri kama inatoka kwa nje, ifungue kioo na uisimamishe kifudifudi kama paa la bati, kibodi ikitazama chini. Iache hivyo saa 48 chini ya feni au penye upepo wa ndani. Usiianike juani, na usiizike kwenye mchele. Mchele haunyonyi kilichoingia chini ya kibodi, unaongeza vumbi lake tu. Maji matupu yana huruma. Chai ya maziwa na soda huacha masalia yenye sukari yanayokula njia za shaba taratibu, na hapo hata ikiwaka kesho bado inahitaji kufunguliwa na kusafishwa kwa spiriti safi ya asilimia 99. Ile ya hospitali ya asilimia 70 ina maji mengi mno kwa kazi hii.

Hatua ya 1. Hakikisha umeme unafika

Usipime soketi kwa chaja ya simu. Soketi iliyoungua mguso hupitisha umeme mdogo wa simu vizuri, kisha hukatika ikibebeshwa mzigo. Chomeka pasi. Ikipata moto sawasawa, soketi ni nzima. Wa sola huko Bahi, Kongwa au Chamwino msijaribu pasi kwenye inveta ndogo, mtaiua. Hamishieni laptopu kwa jirani mwenye umeme wa TANESCO.

Sasa ruka ekstensheni, chomeka chaja moja kwa moja ukutani. Ekstensheni ya hosteli yenye jagi la kuchemshia maji, pasi na simu sita ni mtuhumiwa halali.

Angalia waya mfupi unaotoka ukutani hadi kwenye boksi la chaja. Huo ndio unaokufa kwanza, na ni wa bei ndogo; hubadilishwa peke yake bila kununua chaja nzima. Plagi ya pini tatu za bapa ina fyuzi ndani: ichomoe kwa bisibisi, ipime kwa multimita kwenye alama ya mlio. Isipolia, imekatika. Weka nyingine yenye ampea zile zile, kwa kawaida 3 au 5. Usifunge waya wala karatasi ya sigara mahali pake.

Hatua ya 2. Pima chaja

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda, maana kundi A wengi wanaishia hapa hapa.

Soma mstari wa OUTPUT kwenye boksi. Dell na HP nyingi huandika 19.5V na 3.34A au 3.33A, yaani wati 65, au 4.62A, yaani wati 90. Lenovo huandika 20V na 2.25A, 3.25A au 4.5A, yaani wati 45, 65 na 90. Kanuni ni hii: volti zilingane (19 na 19.5 ni ndugu, 12 na 19.5 si ndugu), ampea ziwe sawa au zaidi ya zinazotakiwa. Ampea nyingi haziunguzi mashine, inajichukulia inachotaka. Ampea pungufu ndizo zinazofanya iwake kidogo na kuzima.

Weka multimita kwenye volti za DC, na uchague 200, siyo 20. Kosa hili ni la kila siku: chaja ya Lenovo ya volti 20 au zaidi kidogo, ikipimwa kwenye 20, mita huandika "1" peke yake, na mwenyewe husema chaja imekufa. Mita inasema tu kwamba kipimo kimevuka.

Chaja zenye kichwa cha duara na sindano katikati, kama za Dell na HP, hazitoi umeme kwenye sindano. Sindano ile ni ya utambulisho. Umeme uko kwenye kuta: ncha nyekundu iguse ukuta wa ndani wa kichwa, nyeusi iguse ukuta wa nje. Zile za zamani za Acer na Toshiba zenye tundu katikati, nyekundu inaingia kwenye tundu. Angalia ncha zisigusane. Zikigusana chaja nyingi hujizima zenyewe, nawe utaichomoa ukutani, ungoje dakika moja, kisha uanze upya.

Kipimo chema kinacheza karibu sana na volti zilizoandikwa. Tikisa waya shingoni ulipo wekewa mpira. Namba ikirukaruka, waya umekatika ndani.

Kama boksi lina taa, kuna kipimo kizuri kuliko vyote. Ichomeke ukutani, taa iwake. Sasa ingiza kichwa kwenye laptopu. Taa ikizima palepale, na ikarudi baada ya kuchomoa na kungoja, kuna shoti ndani ya laptopu (tundu la kuchajia au mazabodi, yaani bodi kuu), au chaja imechoka na haibebi mzigo. Chaja ya kuazima itakuambia ni lipi kati ya hayo. Zikizima zote mbili, usiendelee kulazimisha. Nenda hatua ya 3, kisha kwa fundi.

Za USB-C hazipimiki hivi. Hazitoi volti 20 mpaka zizungumze na mashine, kwa hiyo mita itaonyesha 5 au sifuri hata kwenye chaja mpya. Jaribu kwa chaja nyingine ya USB-C ya wati 65. Chaja ya simu ya wati 18 si kipimo. Mashine nyingi huikataa.

Dell zina deni lao jingine: sindano ya katikati ikipinda, laptopu huwaka lakini husema haiitambui chaja, inakuwa nzito na betri haijai. Watu huambiwa betri imekufa, kumbe ni sindano.

Hatua ya 3. Kagua tundu la kuchajia

Mulika kwa tochi. Unatafuta vumbi lililokandamana, pini iliyopinda, weusi wa kuungua, au tundu linalocheza ukiingiza kichwa. Vumbi toa kwa kijiti kikavu cha meno, chaja ikiwa imechomolewa. Tundu linalocheza, kwenye Latitude na EliteBook nyingi, ni kipande chenye waya kinachochomolewa na kuchomekwa kingine bila kuchomelea chochote. Liulizie hivyo dukani, maana wapo watakaokutoza gharama ya kazi ya mazabodi.

Hatua ya 4. Mwaga umeme uliobaki

Hatua hii ni ya bure, na huamsha mashine nyingi kuliko inavyodhaniwa, hasa baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo. Mazabodi hubaki na chaji kidogo, na kile kidude kinachosimamia kuwasha kinaganda katika hali mbaya.

1. Chomoa chaja, kipanya, flashi, kadi ya kumbukumbu, kila kitu.
2. Kama betri inatoka kwa nje, itoe.
3. Shikilia kitufe cha kuwashia sekunde 30 kamili. Hesabu; wengi huachia kwenye kumi.
4. Rudisha chaja peke yake, bila betri. Washa.

Ikiwaka bila betri na kugoma ukiirudisha, betri ndiyo mbovu. Unaweza kuendelea kuitumia kwa chaja tu, ila kila umeme ukikatika kazi yako inakatika nao.

Betri ikiwa ya ndani, fanya vivyo hivyo bila kuitoa. ThinkPad nyingi zina kitundu kidogo sana chini ya mashine: nyoosha kibanio cha karatasi, kiingize taratibu mpaka uhisi kitufe, kibonyeze sekunde chache, ngoja dakika moja, kisha chomeka chaja na uwashe.

Iliyokaa miezi kabatini isihukumiwe mara moja. Iache kwenye chaja nusu saa kwanza.

Hatua ya 5. Hesabu taa na milio

Mashine iliyoshindwa kuwaka mara nyingi inasema kwa nini. Rekodi kwa video ya simu, kisha hesabu kwa utulivu.

Dell Latitude za miaka ya karibuni hupepesa rangi ya chungwa kisha nyeupe. Chungwa 2 na nyeupe 3: RAM haionekani. 2 na 4: RAM ni mbovu. 2 na 7: kioo. 3 na 1: betri ndogo ya BIOS. HP mpya za ofisini hutoa nyekundu ndefu kisha nyeupe fupi. 3 na 2 ni RAM. Kwa nyingine, tafuta jina kamili la modeli lililo chini ya mashine pamoja na idadi uliyohesabu, kwenye ukurasa wa mtengenezaji mwenyewe.

Hatua ya 6. Je, ni kioo tu?

Mulika tochi kwa mshazari juu ya kioo cheusi, chumba kikiwa giza. Ukiona kivuli cha picha, mashine inafanya kazi. Mwanga wa nyuma wa kioo ndio umekufa. Unganisha na TV, washa, kisha bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P mara mbili tatu. Picha ikija kwenye TV, tatizo ni kioo au kebo inayopita kwenye bawaba. Dell ina njia yake: shikilia herufi D huku ukibonyeza kitufe cha kuwashia. Kioo kisicho na ubovu kitabadilisha rangi moja baada ya nyingine, hata Windows ikiwa haipo.

Na kabla ya kununua kioo, ondoa kava la simu lenye sumaku lililolala karibu na kibodi. Laptopu hujua imefungwa kwa kuhisi sumaku.

Hatua ya 7. Fungua, ushughulikie RAM

Kuanzia Juni mpaka mvua za Desemba hewa ya Dodoma ni kavu, na mwili hujaa umeme tuli; ile cheche unayoisikia ukishika kitasa cha chuma ndiyo hiyo hiyo inayoua RAM bila hata wewe kuhisi. Usifanyie kazi juu ya zulia au kitanda chenye blanketi. Gusa grili ya dirisha isiyo na rangi kabla ya kuanza, na uguse tena kila ukiinuka na kurudi.

Chora kava la chini kwenye karatasi na uzichomeke skrubu kila moja mahali pake kwenye mchoro. Hazilingani urefu. Skrubu ndefu kwenye tundu fupi hutoboa mazabodi, na huo ndio ubovu unaouzwa bure kabisa na mwenye mashine mwenyewe.

Kava likiachia, cha kwanza ni kuchomoa betri. Kabla ya brashi, kabla ya RAM, kabla ya kutazama. Kichomoe kichwa chake kwa kucha au plastiki, usivute waya.

Sasa RAM. Sukuma vibanio viwili vya pembeni kuelekea nje, kipande kitajiinua chenyewe kwa mshazari. Kishike kingo, usiguse dhahabu. Sugua meno ya dhahabu kwa kifutio, pande zote mbili, polepole, mpaka weusi utoke. Pangusa makombo kwa brashi. Safisha pia tundu lake kwa brashi kavu. Rudisha kwa mshazari ule ule mpaka dhahabu ikaribie kufichika yote, kisha bonyeza chini mpaka vibanio vilie "ta". Kisipolia, hakijaingia, na kisipoingia utarudi hapa hapa.

Washa na kipande kimoja tu. Vipande viwili na matundu mawili vinakupa majaribio manne. Yafanye yote na uyaandike. Chomoa chaja na betri kila unapobadilisha. Baada ya kubadilisha, kioo kinaweza kubaki cheusi hadi dakika tatu mashine ikijipima. Wengi huizima katika dakika ya kwanza na kutangaza kifo.

Umenunua RAM mpya na haiwaki? Soma lebo. Laptopu nyingi zenye prosesa (chipu kuu) ya Intel ya kizazi cha nne, kama EliteBook 840 G1, Latitude E7440 na ThinkPad T440, hutaka DDR3L ya volti 1.35, iliyoandikwa PC3L. Ukiweka ya PC3 ya volti 1.5, inaingia vizuri kabisa kwenye tundu lakini mashine haiwaki. Muuzaji asiyejua tofauti atakuambia mazabodi imekataa.

Bado kimya? Chomoa diski na kadi ya Wi-Fi, ubaki na RAM moja na chaja. Ikiwaka hivyo, rudisha kimoja kimoja mpaka umpate mkosaji.

Hatua ya 8. Vumbi, feni na joto

Inayojizima baada ya dakika kadhaa ni joto. Inayojizima ndani ya sekunde tatu si joto, usipoteze muda na feni. Rudi kwenye RAM, betri na shoti.

Vumbi la huku ni jepesi na jekundu, na hujikusanya kati ya feni na mapezi ya shaba kama kipande cha blanketi. Kupuliza kwa nje hakukitoi. Toa skrubu za feni, kiinue chote kwa kibanio. Ukitumia blowa, zuia feni kwa kijiti isizunguke. Usipeleke mashine kwa mwenye upepo wa gereji: ule una maji na mafuta ya kompresa, na nguvu yake hung'oa vidude.

Ukiinua shaba kutoka kwenye prosesa, lazima uweke pasta mpya ya joto. Futa ya zamani kwa spiriti, weka kiasi cha punje ya mchele, kaza skrubu kwa namba zilizochongwa kandokando yake. HP ikiandika kosa la 90B, feni yenyewe haizunguki. Safisha kwanza, ikigoma nunua.

Hatua ya 9. Nembo inatokea, Windows haiji

Chomoa flashi na diski zote za nje. Washa. Hili pekee humaliza kesi kadhaa.

Ingia BIOS: F10 kwa HP, F2 kwa Dell na Acer, F1 au Enter kwa ThinkPad. Tazama mambo mawili.

Je, diski inaonekana kwa jina? Haionekani, na HP inaandika "Boot Device Not Found" na 3F0: fungua, ichomoe diski, irudishe kwa nguvu sawa pande zote. Bado haionekani, ijaribu kwenye mashine nyingine.

Je, tarehe ni ya zamani mno? Betri ndogo ya BIOS imeisha. Mara nyingi ni CR2032 ya volti 3, iliyofungwa kwenye plastiki yenye waya wake. Ikiisha, mipangilio hurudi ya kiwandani, na mashine iliyowekewa Windows kwa mtindo wa zamani wa Legacy hujikuta inatafuta kwa UEFI, mtindo mpya. Inasema hakuna mfumo wakati mfumo upo. Badilisha betri, rudisha mpangilio.

Hatua ya 10. Okoa mafaili kabla ya kurekebisha

Diski inagonga "tak, tak"? Zima sasa hivi. Kila dakika inayowaka inakula kilichobaki, na hapo hata chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, ni adui. Isiyogonga, tengeneza flashi ya Ubuntu (mfumo wa bure unaoweza kuwaka kutoka kwenye flashi) kwenye kompyuta ya rafiki, washa kwayo (F9 kwa HP, F12 kwa Dell na ThinkPad), chagua kujaribu bila kusakinisha, kisha nakili tasnifu, picha na vitabu vya mahesabu kwenye diski ya nje. Iliyofungwa kwa BitLocker itadai zile tarakimu 48.

Baada ya hapo ndipo Windows. Izime kwa kitufe mara tatu mfululizo wakati inaanza kuzungusha vidoti. Mara inayofuata italeta ukurasa wa matengenezo. Chagua "Troubleshoot", kisha "Advanced options", kisha "Startup Repair". Ikishindwa, kwenye ukurasa ule ule ondoa sasisho la mwisho kwa "Uninstall Updates". Kufomati ni la mwisho, si la kwanza kama inavyopendwa vibandani. Na ikiwa inaandika kwamba inajisasisha, iache hata saa mbili ikiwa kwenye chaja.

Ukikwama

*Taa ya kuchaji inawaka, kitufe hakifanyi kitu.* Kitufe chenyewe au utepe wake umelegea. Kwenye nyingi uko chini ya kibodi.

*Inawaka kwa betri, inakataa kwa chaja.* Tundu la kuchajia au njia ya umeme ya mazabodi.

*Inawaka ikiwa baridi tu asubuhi.* Mguso uliopasuka kwenye mazabodi. Ni kazi ya fundi mwenye mashine ya hewa moto.

*Iliwaka baada ya kifutio, ikafa tena baada ya wiki.* Tundu la RAM, si RAM. Tumia tundu la pili.

*Kioo cheusi baada ya kusasisha BIOS.* Kwa HP, shikilia Windows na B, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde mbili hadi tatu, achia kitufe hicho na uendelee kushikilia Windows na B hadi ilie. Kwa Dell, shikilia Ctrl na Esc huku ukichomeka chaja.

*Chaja mbili nzima, RAM moja moja, bila diski, bila betri, bado kimya.* Sasa ni mazabodi. Chomoa diski ubaki nayo nyumbani. Fundi haihitaji ili kupima mazabodi. Andika namba za RAM na betri kabla ya kuikabidhi, mkubaliane bei ya kupima kabla ya bei ya kutengeneza, na mpe ile karatasi yako ya majaribio. Akisema mazabodi imekufa, mwombe akuonyeshe kwa mita ni sehemu gani haina volti. Anayejua kazi ataonyesha bila kinyongo, na kipuri kilichotolewa utakidai urudi nacho.